Amin ya Mdomoni

Alhamisi, Agosti 2021. Lidcombe, Sydney. Jua lipo lakini halipashi. Helikopta ya polisi inazunguka tangu asubuhi, kusimamia amri ya korona ya kutotoka nje.

Hili sijamwambia mtu. Kila baada ya Isha Mama anaomba dua apate kazi Ulaya, na mimi ninaitikia Amin kwa mdomo tu. Moyoni ninaomba akose.

Mama anamaliza shahada ya uzamivu hapa, kuhusu magonjwa ya muhogo. Ufadhili wake unaisha, na viza zetu zinaisha nao. Ameomba kazi za utafiti kwenye vyuo vya Ulaya mpaka akaacha kututajia majina. Vingi havikujibu. Kimoja kikamwita kwenye usaili wa leo jioni, kwa kompyuta. Hata Bibi kule Tanga hajaambiwa. Mama anasema jambo la heri halitangazwi kabla halijatimia.

Akikosa, tutarudi Tanga sote watatu. Akipata, ataondoka na mdogo wangu Zuhura. Mimi nimeshatimiza miaka kumi na minane, na nimesoma sheria za viza za nchi ya chuo hicho: mtoto wa umri huo hafuatani na mzazi. Mama hajui. Ameshaanza kunitafutia chuo cha huko.

Nikimwambia, ataiacha hiyo kazi. Namjua.

Shule nimemaliza, kazi sina, na mitaa ya upande wetu imefungwa zaidi kuliko ile ya ufukweni. Kutoka ni kwenda dukani na kurudi. Hata kulia nalilia bafuni, maji yakiwa wazi.

Mama alifanyia usaili chumbani, sisi tukakaa jikoni bila kugusa intaneti. Juu alivaa koti la ofisini na mtandio wake mzuri, chini kanga. Zuhura akamwambia, "Mama, juu profesa, chini muuza vitumbua." Mama akacheka. Sikumbuki mara ya mwisho alicheka lini.

Haukupita muda nikamsikia akiwaita wale wa usaili, wasiitike. Intaneti ilikuwa imekatika.

Nilisimama na simu yangu mkononi, ina bando la kutosha. Nililokuwa naliomba lilikuwa limekuja lenyewe. Ningekaa tu.

Nikapiga hodi, nikaingia nimeinama ili kamera isinione, nikaiunganisha kompyuta na simu yangu. Nikabaki sakafuni chini ya meza, nimeishikilia simu, maana pale kwenye kona ya dirisha ndipo mtandao unapokamata. Nikasikia yote. Walipomuuliza ataweza kuanza lini, alisema mara tu mipaka itakapofunguliwa, na kwamba atakwenda na binti zake wawili. Akashusha mkono, akaniwekea kichwani.

Niliishikilia simu palepale mpaka wakaagana.

Baadaye akanivuta kifuani. "Wakinichukua, mwanangu, ujue ni wewe uliyenifikisha."

Kwenye dua ya leo niliitikia Amin kwa sauti, mpaka Zuhura akageuka kunitazama. Sijui kama ilitoka moyoni. Nadhani nusu yake ilitoka.

Nimeamua. Wakimkubali, nitamwambia mwenyewe hili la viza, akishatia saini mkataba.

Blogu hii haina jina langu, lakini Watanzania wa Sydney tunajuana. Wewe uliyesoma mpaka hapa, ukihisi unamjua Mama, tafadhali nisitirie. Asilisikie kwako kabla hajalisikia kwangu.