Tyubu Zote Nyekundu

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Bahasha imefika! Siku nne imekaa bandarini hapa Bujumbura kwa sababu mtu wa forodha hakuelewa karatasi yenye madoa ni bidhaa gani. Audace, kapteni wa timu yetu, alimweleza dakika ishirini: Kirundi, Kifaransa, mwisho kwa mikono. Mimi nikasema ni kazi ya shule. Akatuachia.

Ndani mna vidoa vinne vya DNA iliyokaushwa, kutoka kwa wanafunzi wenzetu wa Kigoma. Unalowesha kidoa, unakiingiza kwa bakteria, na bakteria hao wanakuwa wekundu wakikuta risasi majini — risasi ile ya betri za magari. Tulipatana hivi: wao wanarudia jaribio letu, sisi tunarudia lao. Saini yetu ya kuthibitisha isipofika Jumatano ya tarehe 24, wanatolewa kwenye mashindano ya sayansi. Uthmani, msemaji wao, ameandika kwa heshima zote kwamba wanatutegemea. Mwaka mzima wa kazi yao uko kwenye friji ya labo, pembeni ya Fanta za Audace. Nimeenda kuangalia mlango wa friji mara tatu.

Jumatano, 17 Septemba

Bakteria wameota. Alhamdulillahi. Ila mashine ya maji safi imekufa tena, wiki ya tatu sasa. Umeme unakatika, unarudi kwa nguvu, inaungua. Prof, msimamizi wetu, anasema tusubiri. Tusubiri nini, na siku zenyewe saba!

Nilichemsha maji ya bomba nyumbani jana, nusu saa nzima, nikayaacha yapoe humo humo mpaka asubuhi, nikayachuja. Sufuria zote zilikuwa na pilau ya wageni, nikachukua dele ya kahawa ya Bibi. Hakuuliza. Akiniona naosha chombo mara tatu anafurahi tu, anadhani nimeanza kuwa mtu wa nyumbani.

Ijumaa, 19 Septemba

Nyekundu. Tyubu zote sita!

Tatu nilizotia risasi, sawa. Lakini tatu za maji matupu, zilizotakiwa kubaki nyeupe — nyekundu vilevile. Nilizishika dirishani mpaka Christa, mwenzetu wa tatu kwenye timu, akaniambia nitazimaliza kwa macho.

Audace hakuhangaika hata kidogo. Eti tupige picha zile tatu za risasi, hizi nyingine zioshwe. Wao watasaini yetu, sisi tusaini yao, kila mtu afurahi.

"We Nura, apana tafuta maneno," akasema. "Bale ni majirani."

"Ndiyo maana," nikamjibu. "Mi siwezi saini kitu nimeona kinadanganya."

Christa akajifanya anapanga sanduku la pipeti. Nimetembea kwa miguu mpaka nyumbani. Nilikuwa na hasira na Audace, na zaidi na mimi, maana nusu yangu ilikuwa inamkubali.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimewaandikia Kigoma. Nikisoma tena naona ni maneno makali: kwamba kitambuzi chao, yaani bakteria hao, kinaona risasi hata pasipo na risasi, na hatuwezi kusaini. Uthmani alijibu baada ya saa mbili. Alishukuru kwa ukweli, akatupa pole ya kazi, akauliza jambo moja tu: maji tuliyatoa wapi.

Damu ikanichemka! Kama vile watu wa Bujumbura hawajui kuchemsha maji. Sikumjibu. Nimefua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Jumatatu, 22 Septemba

Swali lake limenikaa kichwani siku mbili. Jana Christa alinunua maji ya sindano, yale yaliyosafishwa kabisa, kwenye famasi ya mtaa wa Rohero, tukapanga tyubu upya, sisi wawili, bila kumwambia Audace.

Leo: nyeupe! Za maji matupu zote tatu nyeupe, na za risasi nyekundu. Kigoma wako sawa. Mimi ndiye mwenye kosa. Audace alicheka sana, haki yake.

Ila bomba letu lina nini? Nimeleta chupa tatu kutoka nyumbani: maji ya bomba mabichi, maji yaliyochemshwa kwa sufuria, maji yaliyochemshwa kwa dele. Majibu kesho. Sili vizuri.

Jumanne, 23 Septemba

Mabichi: nyeupe. Sufuria: nyeupe. Dele: nyekundu.

Nilikaa kwenye ngazi za labo. Dele ilianza kuvuja wakati wa Ramadhani, fundi mmoja akaiziba na kuipaka ndani upya. Iling'aa. Bibi alimwombea dua. Kumbe alichopaka ndiyo hiyo risasi.

Nikajaza fomu, sikuficha kitu. Kitambuzi cha Kigoma kinafanya kazi. Kosa ni letu, maji yalichemshwa kwenye dele ya kahawa iliyozibwa kwa risasi. Audace alisoma mara mbili, akasema sasa kila timu itajua tunapima kwa vyombo vya jikoni. Kisha akasaini. Tumetuma saa sita mchana. Wamepona!

Nilingoja Uthmani ashangilie. Akaandika mstari mmoja: "Dada Nura, hiyo dele nani anaitumia?"

Ya Rabbi. Siku zote hizi nawaza tyubu!

Saa kumi. Nimefika nyumbani jasho linanitoka. Bibi yuko sebuleni na Moza, mke wa kaka yangu, mwenye mimba ya miezi mitano. Nikasema polepole: dele isitumike tena, na sote twende hospitali tukapime damu. Bibi hakubishana. Aliuliza tu risasi inamfanya nini mtu. Nikasema mtu mzima inamharibu kidogo kidogo, mtoto ndiyo zaidi. Nilitaka kulirudisha lile neno. Moza alishaweka mkono tumboni.

Bibi akamtazama Moza, halafu mimi. Tangu kichefuchefu kianze, ni yeye anayeamka kila asubuhi kumchemshia Moza dawa. Hamwachii mtu mwingine.

"Nura," akasema, "na ile tangawizi nilikuwa namchemshia Moza humo?"

Nikasema nimesahau simu chumbani. Simu iko mfukoni. Sijui kiasi gani kimeingia, sijui kama kimemfikia mtoto, hakuna wa kuniambia leo. Ijumaa niliwaita bakteria wale waongo, na sasa hivi ningetoa chochote wawe waongo kweli.

Naandika nimesimama. Bibi amenifuata mpaka mlango wa chumba changu. Anangoja nimjibu. Naweka kalamu, namfungulia.