Unga wa Pindo la Khanga

Kitete, Tabora

Kaka Valentino,

Shikamoo. Huku mvua zimekolea, mwanangu Martha ameota jino, na kwaya yetu imenunua kinanda ambacho hakuna anayejua kukipiga.

Ule unga mweupe uliouokota jikoni kwa mama, huko Igalula, wakati wa Krismasi ukanitumia, nimeupima mwenyewe, hapa maabara ya shule ninapofanya kazi. Uliyeyuka wote kwenye maji. Nilipoudondoshea asidi ulitoa povu, na gesi yake ikageuza maji ya chokaa kuwa meupe kama maziwa. Nilipouchoma, moto uligeuka wa manjano iliyokolea. Nikapima na magadi ya dukani, majibu yakawa yale yale. Sibahatishi, kaka. Ni magadi ya kulainishia mlenda, yaliyotwangwa.

Unasema ulimwona akiyatoa kwenye pindo la khanga na kuyatia chunguni huku akichungulia mlangoni kama mwizi. Ni kweli, anaficha. Hospitali walimkataza magadi kwa sababu ya presha, naye anaogopa nitamsema. Anayedhurika ni yeye, si wewe. Mwambie na wifi, maneno ya kulishwa vitu yaishe.

Mama hajui ulichomdhania. Tangu siku ile ananiuliza kama mlenda wake umekuwa mbaya, maana sahani yako aliikuta imejaa. Jibu utampa wewe. Panda treni, uje ule mbele yake. Nitaupika mimi, bila magadi.

Mdogo wako,
Mektilda