Kura ya Turufu Juu ya Jabali la Kitangiri

KIKUNDI CHA MAANDALIZI YA USAILI, KITANGIRI – ILEMELA

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA JUMAMOSI, TAREHE 17 JANUARI, 2026

MAHALI: Juu ya jabali, nyuma ya nyumba ya Bi. Sihaba (ndani joto lilikuwa halivumiliki)

WALIOHUDHURIA
1. Ndg. Abubakary Makame – Mwenyekiti, mjumbe wa kudumu
2. Bi. Sihaba – mwenyeji wetu, mjumbe wa kudumu
3. Ndg. Ngosha – mjumbe wa kudumu
4. Mwl. Yakobo Shigela – mjumbe asiye wa kudumu
5. Bi. Dorcas – mjumbe asiye wa kudumu
6. Bi. Evelina – Katibu, mjumbe asiye wa kudumu

WASIOHUDHURIA
1. Bi. Winnie – kwa taarifa, yuko msibani Ukerewe
2. Bi. Odeta – bila taarifa. Jana alionekana Nyakato, mzima wa afya.

KUMB. NA. 1/01/2026: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa kumi alasiri badala ya saa tisa, akaomba radhi kwa niaba ya waliochelewa, ambao ni yeye peke yake.

Alikumbusha kwamba kikundi hiki ni cha watu wanaotafuta kazi serikalini, na kwamba tuna desturi yetu: kila mwezi tunajiendesha kwa kanuni za chombo tunachokisoma, ili mambo yaingie kichwani kwa vitendo. Mwezi wa Novemba tulikuwa Bunge, na hakuna aliyeweza hata kuomba maji bila kusema "Mheshimiwa Spika". Mwezi huu tunasoma Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo waanzilishi watatu wa kikundi ni wajumbe wa kudumu, na kila mmoja wao akisema "turufu", jambo limekufa hapo hapo. Sisi wengine tunapiga kura za kawaida.

Katibu alieleza kwamba tangu mwezi uanze, kikundi kimeshindwa kupitisha hata suala la kununua mkeka. Mwenyekiti alijibu kwamba hiyo ndiyo elimu yenyewe.

KUMB. NA. 2/01/2026: HABARI ZA WIKI

Bi. Dorcas aliwasilisha mambo ya kimataifa. Alieleza kwamba mwaka huu nchi mbili za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimo ndani ya Baraza la Usalama kama wajumbe wasio wa kudumu, yaani Somalia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kwamba Tanzania nayo ilishawahi kukaa humo mara mbili. Kwa upande wa ndani aliwakumbusha wajumbe kuisoma Dira ya Taifa ya 2050 yote, wasiishie jalada.

Mwl. Yakobo aliombwa kurudia kwa maneno yake. Alirudia yote bila kukosea hata tarehe, kwa sauti ile ile ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Bi. Dorcas alisema, "Shikamoo Mwalimu, samahani lakini, umeimeza vizuri sana, ila unaitapika vile vile ulivyoimeza." Mwl. Yakobo aliitikia marahaba kisha akanuna.

KUMB. NA. 3/01/2026: USAILI WA MAJARIBIO WA MWL. YAKOBO

Mwenyekiti alieleza kwamba Mwl. Yakobo ameitwa Dodoma siku ya Jumatano kwa usaili wa mahojiano, nafasi ya afisa tarafa. Hii ni mara yake ya tatu kufika hatua hiyo. Mtihani wa kuandika hufaulu kila mara. Akikaa mbele ya watu ndipo mambo huharibika. Mwenyekiti alieleza pia, kwa sauti ya chini, kwamba mwezi Machi Mwalimu anavuka umri unaotajwa kwenye matangazo ya ajira, na baada ya hapo hata akijua mawaziri wa dunia nzima kwa majina, hakuna atakayemwita tena.

Kwa desturi yetu hakuna mjumbe anayekwenda Dodoma bila usaili wa majaribio. Jopo hukaa jiwe la juu, msailiwa jiwe la chini, na kucheka ni marufuku. Mwenyekiti aliomba jopo liundwe.

Ndg. Ngosha alinyoosha mkono akasema, "Turufu."

Bi. Sihaba alicheka akidhani ni mzaha. Alipomtazama usoni, aliona si mzaha.

Bi. Dorcas alitoa hoja kwamba mambo ya utaratibu hayawekewi turufu, na kwamba usaili wa majaribio ni utaratibu wa kawaida wa kikundi. Ndg. Ngosha aliuliza ni nani anayeamua kama jambo ni la utaratibu au si la utaratibu. Kabla hajajibiwa alisema, "Basi na hilo swali nalo turufu." Mwenyekiti alikiri kwamba hata huko New York waliwahi kufanyiana hivyo hivyo.

Alipotakiwa kutoa sababu, Ndg. Ngosha alikumbusha usaili wake wa majaribio wa mwezi Agosti, ambapo kiongozi wa jopo alikuwa Mwl. Yakobo. Alisema siku ile Mwalimu alimwambia mbele ya wote kwamba anajibu kama dalali wa mnada wa ng'ombe Magu, mikono juu, hoja hakuna, na wajumbe wakaangua kicheko pamoja na marufuku yote. Alisema, "Nilikwenda Dodoma nikawaza mikono tu. Niliingia nikaikalia, hivi, kama mtoto aliyekatazwa kugusa kitu. Walichoniuliza mpaka leo sikikumbuki. Sasa na yeye aende mwenyewe, kwani si mwalimu?"

Mwl. Yakobo alijibu kwamba ukosoaji ni sehemu ya mafunzo na kwamba mtumishi wa umma asiyeweza kukosolewa hafai. Jibu hilo halikusaidia kitu.

Mwenyekiti alimwelekeza Katibu asiandike maneno ya aya mbili zilizotangulia. Katibu aliuliza kama aandike kwamba ameelekezwa asiandike. Mwenyekiti alisema, "Evelina, jamani."

KUMB. NA. 4/01/2026: KIKAO KUGEUKA BARAZA KUU

Bi. Sihaba alieleza kwamba hawezi kukaa kwenye jabali la nyumbani kwake akitazama mtu mzima anapoteza nafasi yake ya mwisho kwa sababu ya mchezo tulioutunga wenyewe. Alitaka kanuni za mwezi zifutwe. Ndg. Ngosha aliweka turufu. Mwenyekiti alipendekeza basi tuhamie kanuni za Jumuiya ya Afrika Mashariki, tulizopanga kuzisoma mwezi ujao. Katibu alimkumbusha kwamba kwa wakuu wa Jumuiya uamuzi ni wa maafikiano, kwa hiyo huko tutapata wenye turufu sita badala ya watatu. Pendekezo liliondolewa haraka.

Bi. Dorcas ndiye aliyepata njia. Alieleza kwamba tangu mwaka 1950 lipo azimio linaloruhusu jambo lililokwama Baraza la Usalama kupelekwa Baraza Kuu, ambako kila nchi ina kura moja na turufu haipo. Mwenyekiti alifunga Baraza la Usalama na kufungua Baraza Kuu palepale, bila mtu kunyanyuka.

Kura zilipigwa. Waliokubali usaili wa majaribio ufanyike: Mwenyekiti, Bi. Sihaba, Bi. Dorcas na Katibu. Aliyekataa: Ndg. Ngosha. Mwl. Yakobo hakupiga kura kwa kuwa jambo linamhusu. Azimio likapita.

Wajumbe walipoanza kupiga makofi, Ndg. Ngosha alikumbusha kwamba azimio la Baraza Kuu ni ushauri tu na halimlazimishi yeyote, na kwamba yeye akiambiwa aache kupinga kwa ushauri, anashukuru kwa ushauri. Mwenyekiti alithibitisha kwamba hilo ni kweli. Katibu alisema "Aka!" na aliomba iingie kwenye kumbukumbu.

KUMB. NA. 5/01/2026: MAPUMZIKO YA CHAI

Mwenyekiti aliagiza mapumziko ya chai. Kitafunio kilikuwa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ambavyo Ndg. Ngosha alivileta kutoka kwa mama yake Magu. Aligawa mwenyewe na hakumruka mtu. Mwl. Yakobo alipewa fungu sawa na wengine.

Mwenyekiti alisema mambo ya mapumziko hayaandikwi. Katibu ametafuta kanuni hiyo na hakuiona, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akimimina chai, alisikia yafuatayo.

Mwl. Yakobo alimwambia Ndg. Ngosha, "Siku ile sikuwa nakurekebisha. Wiki ile ile nilikuwa nimetoka Dodoma, wamenirudisha tena. Nilitaka nimwone mtu aliye chini yangu. Nikakukuta wewe."

Ndg. Ngosha alisema, "Ungesema siku ile."

Mwl. Yakobo alisema, "Ningesemaje, mdogo wangu? Mnaniita Mwalimu."

Ndg. Ngosha alitafuna kwa muda mrefu. Matobolwa ni magumu, lakini si magumu kiasi hicho. Katibu alimwongezea chai bila kuulizwa, na alimwonea huruma kila mmoja wao, jambo ambalo halikuwa rahisi kwa sababu dakika chache kabla alikuwa amewakasirikia wote wawili.

KUMB. NA. 6/01/2026: USAILI WAENDELEA

Baada ya chai Ndg. Ngosha alitangaza kwamba anaondoa turufu yake kwa sharti moja: kiongozi wa jopo awe yeye. Mwenyekiti alimuuliza kama anataka kulipiza kisasi. Alijibu, "Mtaona." Wajumbe walikubali kwa wasiwasi. Jopo lilikaa jiwe la juu na Mwl. Yakobo akashuka jiwe la chini, akafunga kifungo cha shati cha shingoni.

Ndg. Ngosha aliuliza kwa nini Afrika inadai viti vya kudumu katika Baraza la Usalama. Mwl. Yakobo alianza, "Bara la Afrika, ambalo ni bara la pili kwa ukubwa duniani—"

"Simama hapo," alisema Ndg. Ngosha. "Hiyo ni redio. Nimekuuliza wewe."

Mwl. Yakobo alianza upya kwa kutaja idadi ya nchi wanachama wa Umoja wa Afrika. Alikatishwa. Alianza na historia ya mwaka 1945. Alikatishwa tena. Jasho lilikuwa linamtiririka, na Bi. Sihaba alimwomba kiongozi wa jopo apunguze makali. Ndg. Ngosha hakupunguza. Aliuliza, "Leo hapa nimekuwekea turufu. Ulijisikiaje?"

Mwl. Yakobo alifungua kifungo cha shingoni. Kisha alijibu, na sauti ya mtangazaji haikuwemo:

"Nilijisikia mambo yangu yanaamuliwa mimi nipo lakini sipo. Wote mnanionea huruma, ila neno ni la mmoja. Sasa chukua nchi nzima ijisikie hivyo. Kesi nyingi zinazopelekwa kwenye lile Baraza ni za Afrika, vita ni vyetu, wakimbizi ni wetu, na hatuna kiti kimoja cha kudumu. Mtu akisema Afrika inadai heshima, hajaelewa. Inadai kuwemo pale wanapoiamua."

Hakuna mjumbe aliyecheka. Bi. Dorcas alisema kwa sauti ya chini, "Heee, Mwalimu." Alionywa kwamba jopo halitoi maoni.

Ndg. Ngosha aliuliza swali la mwisho: "Umri umekwenda. Vijana wenye vyeti wamejaa nje ya mlango. Sisi tukikukosa wewe, tunakosa nini?"

Mwl. Yakobo alijibu kwamba kwao, ng'ambo ya daraja la ziwani, upande wa Busisi, watu wakiletewa tangazo la serikali humfuata nyumbani awaambie maana yake ni nini: ardhi, bima, uchaguzi, chanjo ya mifugo. Wanakuja wakati wa kula, wanakuja hata siku ya msiba. "Nami nawaeleza, mwisho wananiuliza, sasa tukamwone nani? Hapo ndipo ninapoishiwa. Nawaambia nendeni ofisini, na najua wakifika watazungushwa. Nimechoka kuwaelekeza mlango. Nataka wakifungua wanikute mimi." Aliposema hivyo alitazama ziwani.

KUMB. NA. 7/01/2026: MATOKEO NA KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti alimtaka kiongozi wa jopo atoe alama, kama ilivyo kawaida. Ndg. Ngosha alieleza kwamba hana alama za kutoa. Alishuka jiwe la juu, akaenda kukaa jiwe la chini karibu na msailiwa, akasema:

"Mimi ningekuajiri."

Mwenyekiti alimuuliza Mwl. Yakobo kama ana la kusema. Mwl. Yakobo aliomba kikao kifungwe. Kikafungwa saa kumi na mbili na nusu jioni.

Abubakary Makame
MWENYEKITI (amesaini, baada ya kuomba KUMB. NA. 5 ifutwe na kukataliwa)

Evelina
KATIBU