Mpaka Eda Iishe

Ngokolo, Shinyanga
2 Aprili 2025

Kwa Mama Donatus,

Salaam. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na majirani zako hapo mgodini Kharumwa. Sisi tupo, tunamshukuru Mungu. Mimi ni Mwanne, mke wa marehemu Abdulwahab, yule fundi wa kusimika matimba ya kuzuia kuta za shimo, aliyefunikwa na udongo humo duarani mwezi wa pili. Niliishia darasa la saba, mwandiko wangu utauvumilia.

Asubuhi ya Idd, Masudi wa mitumba alipiga hodi akashusha mfuko wa mchele na jogoo mzima, amefungwa miguu kwa kitambaa chekundu. Akasema, "Hivi vimetoka kwa Mama Donatus, muuza chakula. Kasema yeye ni Mkristo, ndiyo maana kamleta hai, mchinje wenyewe."

Nilishamwambia binti yangu Zuhra kwamba mwaka huu sikukuu itupite tu, tutakunywa chai. Alipomwona jogoo akampa jina hapohapo, halafu jogoo alipopikwa akakataa kumla. Akala wali na mchuzi, akisema mchuzi si yeye.

Sikujui, wala hunijui. Baba Zuhra alikuwa akirudi anasema tu, "pale kwa Mama Donatus", kama mtu anayetaja kituo cha basi. Kwa nini umetukumbuka? Na kama ni wewe uliyempikia siku ile, naomba uniambie alikula nini. Waliniletea nguo zake na viatu, wakanieleza na udongo ulivyoshuka, ila hilo hakuna aliyenieleza.

Usinipigie simu. Habari ile ilinifikia kwa simu, na tangu hapo ikilia naifunika kwa mto. Masudi huja huko kila siku ya mnada, mpe yeye barua.

Mimi niko eda, sitoki nyumbani mpaka katikati ya Juni.

Wako,
Mama Zuhra

*

Kharumwa
Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2025

Wifi yangu Mama Zuhra,

Shikamoo. Nakuita wifi kwa sababu marehemu alikuwa ananiita dada, kwa hiyo usinikatae, umeshakula jogoo wangu. Zuhra hajambo? Mwambie shangazi yake anauliza jina la yule jogoo.

Umeniuliza kwa nini. Krismasi ya mwaka juzi watu wote walishakwenda makwao. Mimi sikwenda. Kwetu ni Kasulu, mbali, na mwanangu Donatus yupo huko kwa bibi yake. Nikashikwa na malaria, nimelala kibandani, hata maji ya kunywa sina. Kaka, yaani mumeo, alikuwa amebaki kulinda duara. Akaona jiko langu halitoi moshi, akaja kusimama mlangoni.

"Mama Donatus, umekufa?"

"Bado."

"Basi kama bado, kula."

Akapika uji ukaungua. Akaninywesha huohuo ulioungua, ananiambia, "Leo si sikukuu yenu? Nyinyi si ndio mnaokula?" Akachota maji. Kesho yake akachukua matimba yake mwenyewe, aliyokuwa ameyachonga kwa ajili ya duara, akasimamisha jiko langu lililokuwa limeinama. Nililala siku kadhaa, na kila siku alikuja. Mtu wa dini nyingine, kabila lingine, hana anachonidai. Sasa Idd yake imefika naye hayupo, ningekaa kimya?

Siku ile alikula ugali na dagaa. Hakumaliza. Alisema, "Nifunikie, nikitoka nitamalizia." Nilifunika. Alikuwa ananiharibia masufuria, wifi, kwa kukwangua ukoko, na siku hiyo sikuwa nimepika wali. Hilo linaniuma mpaka leo.

Mimi niko salama, isipokuwa mafuta ya moto yalinimwagikia mguuni wakati wa kukaanga samaki za Kwaresima, na kidonda hakitaki kufunga. Kinatoa maji. Wananiambia ni kisukari. "Nenda hospitali, nenda hospitali," hao ni wachimbaji wanaonichosha bure kwa maneno. Nikienda watanikata mguu. Muuza chakula wa mguu mmoja umewahi kumwona wapi?

Mdogo wako, wifi yako,
Philomena

*

Ngokolo
4 Mei 2025

Wifi Philomena,

Marahaba. Habari za mguu kabla ya habari nyingine zote.

Barua yako niliisoma mara nyingi, hasa ule uji. Hapa nyumbani hakuwahi kupika kitu. Nilimwonyesha dada yake, Swaumu, ambaye anakaa nami wakati huu wa eda. Naye alicheka mpaka akajishika mbavu, halafu akaingia ndani.

Ahsante kwa kunieleza kuhusu dagaa. Alikuwa na tabia ya kubakiza, hata chai alibakiza funda moja la mwisho kwenye kikombe. Nilikuwa nanung'unika. Sasa naosha vikombe na vyote ni vitupu.

Wifi, njoo kwetu. Hospitali iko karibu na nyumba yangu, chumba kipo, kitanda kipo. Nitakupikia, nitakufulia vitambaa vya kidonda. Usiogope kukatwa, labda hawatakata. Ningekuja kukuchukua mimi. Nilimwambia Swaumu, akaniambia, "Mwanamke wa eda aonekane stendi? Watu watasema kaburi la kaka yangu halijakauka ameshaanza safari." Nami nikaona ana haki. Sitaki kumkosea Baba Zuhra hata katika hili dogo lililobaki.

Kwa hiyo njoo wewe. Masudi atakupandisha gari.

Zuhra anasema jogoo aliitwa Mwalimu, kwa sababu alikuwa anapiga kelele asubuhi.

Wifi yako,
Mwanne

*

Kharumwa
25 Mei 2025

Wifi,

Shikamoo. Wote wazima? Nafurahi.

Naandika kifupi, nimekaa juu ya ndoo. Jiko nimefunga. Vijana wa duara ndio wananipikia sasa, na sasa nimeelewa kwa nini kaka alichoma uji, wote walifundishwa mahali pamoja. Thobias, yule mkubwa wao, ananibeba mgongoni kwenda chooni huku anasema, "Mama, uzito wote huu ni ugali wetu."

Siwezi kuja mwenyewe. Gari lenyewe ni saa kadhaa, na mguu ukining'inia nalia kama mtoto. Kusema kweli si gari tu. Naogopa. Nikifika hospitali peke yangu nitageuka mlangoni, najijua. Lakini kama wewe utakuwa umenishika mkono, nitaingia. Nimewaambia vijana hivyo, wifi yangu akija nakwenda.

Nakusubiri umalize eda. Si mbali tena.

Mdogo wako,
Philomena

*

Ngokolo
8 Juni 2025

Wifi Philomena,

Natumaini umeamka vizuri. Sisi tumesherehekea Idd kubwa jana. Sikuwa na mnyama wa kuchinja, lakini majirani wa mtaa mzima wametuletea nyama, sahani juu ya sahani, mpaka Swaumu akawa anauliza, "Leo tunalisha kambi?" Nikamjibu, ndiyo, tunalisha. Nimeikausha nyingine kwa chumvi na moshi, Masudi anakuletea. Wagawie na Thobias na wenzake, wabeja sana, ahsante zangu nyingi kwao kwa kukubeba.

Nilipokuwa naipanga ile nyama nilikukumbuka wewe na mchele wako. Kabla ya mwaka huu nilikuwa mtu wa kupeleka sahani kwa wengine siku za sikukuu. Sikujua inavyokuwa kuzipokea.

Nimeshafunga mfuko. Kitenge cha kujifunika garini, vitambaa safi, chupa ya chai. Zimebaki siku chache tu eda iishe, na nikishaoga na kubadili nguo nakuja na gari la kwanza. Usifanye lolote, usiende popote, kaa hapohapo unisubiri.

Wifi yako,
Mwanne

*

Ngokolo
22 Juni 2025

Wifi yangu Philomena,

Natumaini barua hii itakukuta. Sijui itakukuta wapi wala katika hali gani, kwa hiyo nashindwa hata kukusalimia kama inavyotakiwa.

Nilikuja. Alhamisi nilishuka Kharumwa, nikapanda bodaboda mpaka mgodini, nikauliza kwa Mama Donatus. Jiko lako nimeliona, limesimama wima. Thobias alitoka duarani ana vumbi mpaka kwenye kope, akanitazama. "Wewe ndiye wifi?" Nikasema ndiyo. Akakaa chini.

Alinieleza kwamba wiki moja kabla sijafika ulianza kuweweseka kwa homa, na kaka yako, Mihayo, akaja na gari la mizigo kukupeleka nyumbani Kasulu. Vijana walichanga mafuta ya gari, wakakutandikia magunia na mablanketi yao. Thobias anasema ulimwambia kaka yako, "Ngoja kidogo, wifi anakuja." Ukasema tena. Kaka yako akauliza, "Huyo wifi amekuja lini kukuona?" Gari likaondoka.

Tumejaribu namba yako niliyopewa na Thobias, Zuhra kila jioni, haipatikani. Namba ya Mihayo hapo mgodini hakuna aliye nayo.

Niliporudi nilikwenda kwa Ustadhi Abdulshakur, nikamweleza yote, nikidhani ataniambia nilifanya vizuri kusubiri. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mama Zuhra, kwa haja kama hiyo, ya mgonjwa asiye na mtu, ungetoka asubuhi ukarudi kulala nyumbani kwako. Dini haikukufunga hivyo. Mbona hukuniuliza?"

Mbona sikumuuliza. Msikiti ni nyumba ya tatu kutoka kwetu, adhana naisikia nikiwa jikoni. Ningemtuma Zuhra. Swaumu amelia kuliko mimi, nami sitaki kumlaumu, maana aliyeandikiwa "nakusubiri" si yeye. Nilidhani namtunzia Baba Zuhra heshima yake. Baba Zuhra angeshafika kwako na kuuliza mlangoni kama umekufa.

Wewe uliniletea sikukuu nikiwa sijakuomba. Uliniomba mkono mmoja tu.

Masudi amempata dereva wa malori anayekwenda Kasulu kuchukua maharage, anampa barua hii. Nimeandika jina lako, la Donatus na la Mihayo juu ya bahasha, ataulizia sokoni. Kama upo na unaweza kusikia, Donatus akusomee. Niambie uko wapi nikufuate, sasa sina linalonizuia. Na kama mguu umekatwa, njoo hivyohivyo, utakaa, mimi nitapika na wewe utawatukana wateja.

Kama kaka yako amekukasirikia kwa ajili yangu, mwambie ana haki.

Mimi nakuombea kila ninaposali. Nawe, wifi, kwa dini yako, unapowataja watu wako, naomba unikumbuke.

Wifi yako,
Mwanne