Mama Niliyempakia kwenye Baiskeli

Nyalenda, Kisumu
Jumapili, baada ya kanisa

Mama yangu mpendwa,

Kwanza nipe habari ya goti lako. Nauliza la kushoto, maana nakujua, utanijibu kwa lile zima. Mimi ni mzima, nakula vizuri, na kile kikohozi cha mvua kimeniacha. Mghoi, dada yangu, wewe unayemsomea mama, soma polepole na usiruke mahali. Mkifika katikati akanyamaza, mpe chai kwanza, kisha uendelee.

Uliniuliza kwa nini nimekonda kwenye picha. Ni baiskeli, mama. Kazi bado ni ile ya kwa Mhindi mwenye duka la vyerehani. Mshonaji yeyote aliyeketi kwenye baraza ya duka huko vijijini, cherehani yake ikigoma, mimi ndiye ninayetumwa. Asubuhi nafunga sanduku la vifaa kwenye usukani, nafunga na suruali kwa kamba, maana hii mitindo ya sasa ya miguu mipana huliwa na mnyororo, kisha naondoka.

Kwenda Maseno kuna njia mbili. Ya lami ni fupi, lakini malori yanakupulizia moshi mpaka unafika mweusi kuliko ulivyozaliwa. Ya nyuma ni ya udongo na inapanda katikati ya miti. Chini kuna mikuyu ya zamani, juu kuna mikaratusi iliyopandwa kwa safu, na ukigeuka nyuma unaliona ziwa lote. Ni mlima wa kutoa jasho, mama, lakini kuna kivuli, na majani yakilowa yananukia kama kwetu Taita. Ndiyo maana naipenda. Kuna mteremko mmoja huko ambapo huachia breki na kupiga kelele peke yangu, kwa kuwa hakuna anayenijua.

Sasa nije kwa Awuor. Nilipokuandikia kwamba nimempata msichana wa huku, mshonaji karibu na Maseno, ulinijibu kwa mstari mmoja, halafu ukajaza barua nzima habari za mbuzi. Nilikuelewa. Ulitaka nioe nyumbani, na hukupenda kusikia nchi ya mbali. Sikukasirika. Lakini nampenda, mama, na sitaki uendelee kumjua kwa jina tu. Ni mcheshi, mkono wake ni mwepesi kwenye kitambaa, na cherehani yake ilikuwa inaharibika kuliko zote nilizowahi kuona. Nami sikulalamika hata siku moja.

Basi siku ya kwenda kujulishwa kwao ilifika. Nikavaa shati jeupe, nikapita njia ya miti. Nilipofika kwenye mlima mkali nikamkuta mama mmoja, kikapu cha samaki wakavu kichwani, anachechemea. Mwiba ulikuwa umemchoma kisigino. Wewe ndiye uliyenikanya tangu nikiwa mdogo, nisimpite mama mwenye mzigo mlimani. Nikashuka, nikautoa mwiba kwa sindano ya cherehani, nikamwambia apande kwenye keria.

“Wewe utaniangusha,” akasema.

“Sikuangushi, mama. Nishike kiunoni.”

Akapanda upande upande, kikapu mapajani, akanishika. Penye mlima nilisukuma naye juu, penye tambarare nikapanda. Na wewe wanijua, mdomo wangu haulali. Akaniuliza, “Kiswahili yako ni ya mbali. Watu wako ni wa wapi?” Nikamwambia Taita. Nikamweleza habari zako: jinsi ulivyobaki na sisi wawili baba alipofariki, jinsi unavyolima shamba la mteremko na kuimba kwa sauti ya kufukuza nyani. Akacheka mpaka baiskeli ikayumba. Kisha akauliza ninakwenda wapi na shati jeupe hivyo.

“Nakwenda kuomba msichana, mama. Lakini naogopa.”

“Unaogopa nini?”

“Mama yake. Wanasema ni mkali, akikohoa tu kuku wanaingia ndani.”

Akakishika kikapu vizuri. Tulipofika kwenye kona yenye mkuyu akasema, “Simamisha hapa.” Akashuka, akaniangalia kwa muda, akasema, “Erokamano, nyathina,” yaani asante, mwanangu. Akaingia kijia cha mkato. Nikajiona mtu mwema sana.

Mghoi, hapa ndipo pa chai.

Nikafika, nikakaribishwa kwa heshima, nikaketishwa pamoja na baba yake Awuor na wazee wawili. Shangazi yake akaleta soda. Mara mlangoni nikamwona yule mama wa njiani akipita kwenda jikoni, kilemba kilekile, kikapu kilekile. Mama, nilifurahi! Nikaruka kitini, nikamkimbilia, nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikapaza sauti, “Mama! Kumbe safari yetu ilikuwa ya nyumba moja! Kiuno changu bado kina alama za vidole vyako!”

Wazee wawili wakatazamana. Shangazi akaweka kiganja mdomoni.

Hukuniambia, mama, na ungeniambiaje, hukujua. Huku mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mkono. Hawali pamoja, hawatazamani, wakikutana njiani kila mmoja anatafuta upande wake. Ndiyo heshima yenyewe. Na mimi nilikuwa nimempakia, nimeshikwa kiuno, nimemsema mbele yake, halafu nikaja kutangaza mbele ya wazee.

Baba yake alishusha pumzi. “Bwana fundi, umetushinda. Hii maneno sisi hatujawahi kuona.” Mzee mwingine akasema ni afadhali jambo liishie hapo, watu watacheka mpaka Kisumu. Nikasikia Awuor analia jikoni. Nilitamani ardhi inimeze, nikakuwaza wewe, nitakuandikia nini.

Ndipo sauti ya mama yake ikatoka nyuma ya ukuta. Hakuingia. Aliongea na wazee, si na mimi.

“Saa ile alinibeba, alikuwa mtoto ya mtu tu. Hajaleta ng'ombe, hajaleta kitu. Mguu yangu ilikuwa na mwiba, na yeye akasimama. Nyinyi mngesimama?”

Mzee mmoja akaisogeza soda yake.

“Basi heshima ianze leo. Lakini sisi hatupeani msichana kwa mtu hana watu. Mama yake aje. Mimi nataka kuona mama alizaa huyu.”

Kisha akakohoa, na kweli, mama, kuku waliingia ndani. Ni mimi tu ambaye sikuthubutu kucheka.

Kwa hiyo sasa mambo yote yako mikononi mwako. Wazee wamekubali kusubiri mpaka mavuno yaishe. Usipokuja watasema sina watu, na itakuwa basi. Mjomba akusindikize, yeye ndiye atakayezungumza na wazee. Kutoka Voi ni garimoshi tupu, unalala, unaamka, unalala tena, unaamka, na mimi nitakuwa stesheni kabla hujashuka. Najua unaogopa. Na mimi niliogopa nilipokuja huku, nililia usiku wa kwanza wala sikuwahi kukuandikia.

Tangu siku ile mama yake Awuor hajanisemesha. Kama ningejua kwamba yale mazungumzo ya njiani ndiyo yetu ya mwisho, ningeyarefusha. Siku chache baadaye nilimwona mbele yangu kwenye mlima uleule, mzigo wa kuni kichwani. Nikapiga kengele kidogo. Hakugeuka. Aliutua mzigo katikati ya njia, akaenda kusimama nyuma ya mkaratusi. Mimi nikashuka, macho chini, nikaufunga mzigo kwenye keria, nikaupeleka mpaka kwenye kona ya mkuyu, nikauacha hapo. Sasa ndivyo tunavyofanya kila tukikutana. Lakini yeye mwenyewe anapanda kwa miguu, mama, na kisigino bado kinamsumbua, nami siwezi kumuuliza. Njoo umuulize wewe.

Msalimie mjomba, umwambie asisahau koti, huku mvua haina adabu. Msalimie shangazi wa kule bondeni, na mzee jirani anayenichungia mbuzi, maana habari za hao mbuzi ulizonijazia ninazo kamili. Na wewe Mghoi, gauni lako linakuja na mama akirudi, limeshonwa na wifi yako.

Mama, keria ni ya chuma na najua mgongo wako. Awuor ameshona mto wa kukalia, mwekundu, umejaa pamba, ameufunga kwa mishipi minne. Mama yake, kwa heshima ile, hawezi kuukalia. Nilimwambia Awuor aujaribu yeye, tuone kama umekaa sawa. Akakataa. Anasema wewe ndiye wa kwanza.

Mwanao anayekusubiri stesheni,
Mwakio