Sekunde Arobaini na Moja za Tengeru

Alhamisi, 12 Juni 2025

Baridi hapa Sakina, aisee! Nimeshinda ofisini naandaa kompyuta mbili za mbio za Jumamosi. Moja ya kuanzia, Tengeru. Moja ya kumalizia, uwanjani mjini. Kilomita kumi na tano. Mkimbiaji ana chipu kiatuni. Anakanyaga zulia kule, kompyuta inaandika saa, anakanyaga zulia huku, nyingine inaandika, tunatoa ya kwanza kwenye ya pili. Basi. Ila saa zote mbili lazima ziisikilize seva moja, ile inayochukua saa ya setilaiti. Zikipishana, kazi bure.

Ya uwanjani natumia kila siku, haina neno. Ya Tengeru ilikuwa kabatini tangu Machi. Nimeipa amri: ukikuta umekosea saa usiruke, jisogeze taratibu. Saa ikirukaruka kumbukumbu zinavurugika. Mtandao wa ofisi umekata, itajiunga na seva kulekule. Mzee Elimringi, bosi wangu, kasema mwaka huu hataki aibu. Aibu gani tena, na mimi nipo?

Jumamosi, 14 Juni

Miguu inawaka moto lakini furaha tele! Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa Tengeru. Modemu ikakamata, kinyota kikatokea kwenye skrini mbele ya jina la seva. Maana yake saa imempata mwalimu. Nikanywa chai yangu. Saa moja kamili bastola ikalia.

Rekodi ya njia imevunjwa, wanaume kwa wanawake! Watu kumi na wanne wamekimbia kwa kasi kuliko walivyowahi kukimbia maishani — na njia yenyewe inapanda! Mshereheshaji akasema ni baridi ya Meru.

Wa kwanza wanawake ni Namnyaki, binti wa miaka kumi na tisa kutoka kule magharibi ya mlima. 49:38! Kuna kambi ya mafunzo, nafasi moja tu, ya msichana mwenye muda bora msimu huu. Mpaka jana ilikuwa ya Hope wa Akheri, aliyekimbia kilomita hizihizi kwa 50:05 kule Moshi mwezi wa tano. Leo imehamia kwa Namnyaki. Mama yake akanikumbatia mimi. Kwani nimekimbia mimi?

Jumatatu, 16 Juni

Mungu wangu. Mungu wangu.

Nilikuwa nahifadhi tu kumbukumbu za mashine. Kinyota kilikuwepo, ndiyo. Pembeni yake kulikuwa na namba ambayo sikuisoma. 41. Saa ya Tengeru ilikuwa mbele sekunde arobaini na moja, na mimi mwenyewe nimeikataza kuruka! Ikawa inajisogeza kama kinyonga. Kwa mwendo ule ilihitaji siku nzima. Niliipa nusu saa. Kumpata mwalimu si kumwelewa, Ndeshi, hilo unalijua tangu chuo!

Bastola ililia saa moja kamili, kompyuta ikaandika saa moja na sekunde arobaini na moja. Kila mtu kapunguziwa. Ndiyo maana rekodi. Eti baridi ya Meru!

Namnyaki hakukimbia 49:38. Kakimbia 50:19. Nafasi ni ya Hope.

Nimepiga hesabu mara sita.

Jumanne, 17 Juni

Nimemwambia mzee Elimringi. Akainuka, akafunga mlango, akauliza nani mwingine anajua. Hakuna. Basi, akasema, wote wamepunguziwa sawasawa, mshindi ni mshindi, nani kaumia? Nikasema Hope. Akasema Hope hakukimbia mbio zetu. Halafu akawa mpole, na upole wake ndio ulionimaliza: mwanangu, ukilitoa hili hakuna atakayetupa mbio tena Arusha hii. Funika kombe mwanaharamu apite.

Nimerudi nyumbani. Sijala.

Jumatano, 18 Juni

Sijasema. Naogopa.

Ijumaa, 20 Juni

Nimempigia Namnyaki. Maneno nilikuwa nimeyaandika kabisa kwenye karatasi. Sijafika sentensi ya pili kanikatiza kwa furaha: dada Ndeshi, Jumapili tunatoa shukrani kanisani, mama katoa beberu, usikose! Nikasema nitakuja. Nitakuja! Ulimi huu ungekatwa tu.

Jioni kocha mmoja kaniambia Hope karudi kupalilia kahawa na baba yake. Viatu vya kukimbilia kamgawia mdogo wake. Nimelia barabarani, watu wananitazama.

Jumapili, 22 Juni

Kanisa limejaa mpaka nje. Ukoo mzima ukapita mbele kwa wimbo. Kisha mchungaji akaniita na mimi nisimame, eti huyu ndiye dada wa saa, autaje muda kwa mdomo wake, washarika wasikie. Kipaza sauti mkononi. Namnyaki ananitazama, meno yote nje. Nilikuwa na nafasi pale. Nilikuwa nayo kabisa!

Nikasema arobaini na tisa, thelathini na nane. Vigelegele.

Nimesema uongo mbele ya madhabahu, jamani. Kwenye mnada wa sadaka baada ya ibada mzee mmoja akanunua trei ya mayai akanikabidhi, zawadi yangu. Yako hapa mezani.

Jumatatu, 23 Juni

Namnyaki kaja mwenyewe hapa kwangu. Keshokutwa alfajiri anaondoka kwenda kambini. Kavua saa ya mkononi, ile ya plastiki ya kukimbilia, akanipa. Anasema imeharibika. Siku ya mbio aliibonyeza bastola ilipolia, akaibonyeza tena alipokanyaga zulia la mwisho, ikamwonyesha dakika hamsini na sekunde kumi na tisa. Alivuka akilia, akijua kaikosa nafasi, mpaka kompyuta yangu ilipotoa matokeo. Na anacheka anaponisimulia! Eti miaka miwili anafanya mazoezi na saa inayomdanganya. Wewe dada ndiye fundi wa saa, nirekebishie, kambini nitaihitaji. Katoka kwenda dukani kununua sabuni na ndala, anarudi kuichukua.

Nimeiweka kando ya kompyuta, saa ya seva iko mbele yangu. Dakika kumi. Ishirini. Nusu saa. Haijapishana hata sekunde moja.

Nikimwambia nimeirekebisha, ataniamini. Hilo ndilo linaloniua, ataniamini! Kashaacha kuyaamini macho yake kwa ajili yangu. Nikimwambia ni nzima, ilikuwa nzima siku zote —

Anapanda ngazi. Anaimba ule wimbo wa jana. Saa yake iko mkononi mwangu na sijui