Spika ya Dirishani

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Bibi yako hajambo, na mvua za Kihonda zimeanza. Umeuliza uziweke wapi spika zako. Zielekeze zote ndani, wanapokaa watu wako.

Nimeisoma shajara yangu ya miaka ile bidhaa za nje zilipoanza kujaa madukani. Nilinunua amplifaya, nikaelekeza spika moja dirishani ili mtaa mzima usikie. Baba akashuka kutoka milimani na kaseti ya kwaya alimoimba marehemu mama. Sauti za kiume zilitoka spika ya ndani, za kike zikatokea ile ya dirishani tu.

"Mbona mama yako simsikii? Umemfukuza?"

Jirani akadakia kutoka nje, "Mzee, yuko huku kwetu!"

Nikaigeuza spika ielekee ndani. Baba akavua kofia, akasogeza kiti, akasikiliza mpaka kaseti ilipokwisha.

Babu yako